Debe la Mafuta, Debe la Kura

Uchaguzi wa nyumbani unapokaribia, sisi tulioko hapa Huanshi Zhonglu mara nyingi hupata habari kabla ya wachambuzi wa magazeti. Habari zenyewe huja kwa njia ya oda. Mtu anapiga simu kutoka Dar, Kampala au Nairobi, anauliza bei ya fulana elfu hamsini za rangi moja, kofia kiasi hicho hicho, na vitambaa vya kuchapa sura ya mtu. Wengi wetu tunaoshinda kwenye jengo la Tianxiu, pale namba 300, au tunaozunguka vichochoro vya Xiaobei kutafuta mzigo wa wateja, tumewahi kupokea simu ya namna hiyo. Sampuli inatumwa, bei inavutwa huku na huku, kiwanda kinapewa malipo ya awali, kontena linaondoka.

Katika shughuli yote hiyo kuna jambo moja ambalo huwa hatuulizi. Anayelipa si chama, wala si mgombea. Ni kampuni, na mara nyingine ni kampuni ambayo haijapata kuuza hata soksi. Mfanyabiashara mwenye akili zake haulizi, maana fedha imeshaingia. Lakini jarida hili halina kontena la kusubiri, kwa hiyo linaweza kuuliza. Safari hii tuwaangalie walipaji wa aina moja tu, yaani wakubwa wa kampuni za mafuta. Hao ndio wenye historia ndefu kuliko wote, na historia hiyo imepita karibu sana na mlango wetu.

Tuanze na neno. Debe, kama wazee wetu walivyolijua, lilikuwa kopo la bati la galoni nne lililoletea watu mafuta ya taa. Mafuta yakiisha, bati lilibaki. Likapimia mahindi, likachota maji, likakunjuliwa likaezekea nyumba. Lilikuwa pia linapigwa kuita watu, na ndiyo maana hadi leo anayemnadi mtu mwingine tunasema anampigia debe. Wakenya wakaenda mbele zaidi: kwao kwenda debeni ni kwenda kupiga kura. Sijui kama kuna lugha nyingine ambayo bati la mafuta na sanduku la kura vimekuwa neno moja. Na huku China mambo hayakuwa mbali na hayo. Kampuni ya Standard Oil iliuza mafuta yake ya taa hapa kwa jina la Meifu, pamoja na taa ndogo za bei rahisi ili watu wawe na kitu cha kuyawashia. Wale wanaovuka kwenda Hong Kong kushughulikia viza hupita kituo cha treni kiitwacho Mei Foo. Ni jina lile lile, maana mtaa ule ulijengwa mahali palipokuwa na matangi ya kampuni hiyo.

Standard Oil ndiyo iliyowafundisha wengine namna ya kuchangia. Mwaka 1896, William McKinley alipogombea urais wa Marekani, kampuni hiyo peke yake ilitoa dola 250,000. Mwaka 1904 wakubwa wake wawili walitoa dola 100,000 kwa kampeni ya Theodore Roosevelt, ambaye baadaye alisema alikuwa ameagiza zirudishwe. Wananchi walichachamaa, na mwaka 1907 bunge la Marekani likapiga marufuku kampuni kutoa fedha zake kwenye kampeni za urais na ubunge wa taifa. Mwenye kampuni angeweza kutoa za mfukoni mwake, lakini za kampuni, hapana.

Sheria hiyo ilikuwepo kwa miaka zaidi ya sitini, na kwa miaka mingi katika hiyo ilizungukwa. Jinsi ilivyozungukwa tunaijua vizuri kwa sababu ya kashfa ya Watergate. Wapelelezi walipoanza kufuata fedha za kampeni ya Richard Nixon ya mwaka 1972, walikuta kampuni tatu za mafuta zimetoa dola 100,000 kila moja kinyume cha sheria: Gulf, Ashland na Phillips. Gulf ndiyo iliyokuwa na mpango wa kutazamwa kwa makini. Ilikuwa na kampuni tanzu huko Nassau, visiwa vya Bahama, ambayo kwa jina ilikuwa ya kutafuta mafuta. Makao makuu yalipeleka fedha Nassau, kwenye vitabu zikaandikwa kama gharama za kazi, kisha zikarudi Marekani zikiwa noti, ndani ya bahasha, mikononi mwa watu waliotumwa kuzigawa kwa wanasiasa. Jumla yake kwa miaka kama kumi na mitatu ilipita dola milioni 10. Mwaka 1973 mtu wa Gulf aliyeshughulikia wanasiasa, Claude Wild, alikiri kosa la ule mchango wa Nixon. Mahakama ilimtoza faini ya dola 1,000, na kampuni dola 5,000. Hapo msomaji afanye hesabu mwenyewe.

Tukisema bahasha hizo ziliishia Marekani tutakuwa tumesema nusu. Mei 1975 mwenyekiti wa Gulf, Bob Dorsey, aliketi mbele ya kamati ya seneti akaeleza kwamba kampuni yake ilitoa dola milioni 4 kwa chama tawala cha Korea Kusini, chama cha Jenerali Park Chung-hee. Milioni 1 zilitolewa mwaka 1966, na milioni 3 kabla ya uchaguzi wa 1971. Kwa ile awamu ya pili, alisema, aliyekuwa akikusanya fedha za chama alidai milioni 10, naye akamshusha mpaka 3. Sisi tunaoshinda tukivutana bei kwenye maduka ya hapa tunajua namna mazungumzo kama hayo yanavyokwenda. Huko Bolivia, Rais Barrientos alipewa helikopta, na chama chake dola 350,000. Dorsey alijitetea kwamba kampuni ilikuwa na mitaji mikubwa katika nchi hizo, hivyo kukataa kungekuwa hatari. Huenda alisema kweli. Lakini Park alishinda mwaka 1971 kwa kura zisizo nyingi sana dhidi ya Kim Dae-jung, na mwaka uliofuata akatupilia mbali katiba na kujiongezea madaraka. Wakorea waliofungwa kwa kumpinga katika miaka iliyofuata hawakuwa na habari kwamba sehemu ya kampeni ile ililipiwa Pittsburgh, makao makuu ya Gulf.

Kutokana na mambo hayo, kampuni zaidi ya 400 za Marekani zilijitokeza kukiri malipo ya kutiliwa shaka nje ya nchi, ya zaidi ya dola milioni 300 kwa jumla. Desemba 1977 Rais Carter akatia saini sheria inayokataza kuhonga viongozi wa nchi za nje ili kupata biashara. Tunaomba wasomaji waikumbuke sheria hiyo, kwa kuwa itarudi mbele kidogo, na safari hiyo atakayenaswa si Mmarekani.

Kabla ya kufika huko tuseme neno juu ya wenyeji wetu. Hapa China hakuna kampeni za kuchangia kama tunavyozijua, na mkubwa wa mafuta hana haja ya kumtafuta mwanasiasa, maana mara nyingi yeye ndiye mwanasiasa. Zhou Yongkang alipanda ngazi katika mafuta mpaka akaongoza shirika la taifa la CNPC, kisha akawa mmoja wa watu tisa wa juu kabisa wa chama, akishika vyombo vya usalama. Juni 2015 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa rushwa. Miezi michache baadaye Jiang Jiemin, naye aliyekuwa mkuu wa CNPC, akapata miaka 16. Wachina waliliita kundi lao kundi la mafuta.

Lakini kampuni ya Kichina ikitoka nje hukuta dunia ya kampeni, wafadhili na mifuko ya hisani, nayo hujifunza haraka. Kampuni iliyojifunza kwa haraka kupita kiasi ilikuwa CEFC ya Shanghai. Haikuwa ya serikali. Mwenyekiti wake, Ye Jianming, alikuwa kijana aliyezaliwa 1977 mkoa wa Fujian, jirani zetu hawa wa mashariki. Katika muda mfupi alikuwa akiuza mafuta na gesi kwa mabilioni, akawa mshauri wa rais wa Jamhuri ya Czech, na mwaka 2017 akakubaliana kununua zaidi ya asilimia 14 ya kampuni ya mafuta ya Urusi, Rosneft, kwa dola bilioni 9 hivi. Kampuni hiyo ilikuwa na mkono wake mwingine Hong Kong, mahali ambapo siku hizi treni ya kasi hutufikisha kwa muda wa kama saa moja. Mkono huo uliandikishwa kama asasi isiyo ya kibiashara, ukapata hadhi ya ushauri Umoja wa Mataifa, na aliyeuongoza alikuwa Patrick Ho, daktari wa macho aliyekuwa waziri katika serikali ya Hong Kong kuanzia 2002 hadi 2007.

Daktari Ho alianza na Chad. Desemba 2014 ujumbe wa CEFC ulikwenda kwa Rais Idriss Déby na maboksi ya zawadi. Ndani yake kulikuwa na dola milioni 2 taslimu. Kampuni ilikuwa inataka haki za mafuta. Déby, mtu ambaye hakuna aliyemsifu kwa ucha Mungu katika mambo ya fedha, alizikataa. Ndipo Ho akaandika barua kueleza kwamba fedha zile zilikuwa mchango kwa watu wa Chad. Barua iliandikwa baada ya maboksi kukataliwa, si kabla.

Wakati huo huo, New York, Ho alikuwa amejuana na Sam Kutesa, waziri wa mambo ya nje wa Uganda, aliyekuwa rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kuanzia Septemba 2014 kwa mwaka mmoja. Tujikumbushe Uganda ilikuwa na nini. Mwaka 2006 mafuta yalithibitishwa kuwapo kandokando ya Ziwa Albert. Mwaka 2012 Tullow iliuza sehemu ya visima vyake kwa Total ya Ufaransa na CNOOC ya China kwa dola bilioni 2.9. Kila aliyekuwa na harufu ya mafuta mwilini alikuwa akitafuta njia ya kufika Entebbe.

Museveni alitangazwa mshindi Februari 2016. Kwa mujibu wa ushahidi uliotolewa mahakamani New York, mwezi huo, uchaguzi ukiwa umekwisha, Kutesa alimwomba Ho fedha kwa ajili ya mfuko wa hisani aliotaka kuuanzisha. Ho alikubali, na katika kukubali kwake akaomba mambo matatu: mwaliko wa sherehe ya kuapishwa, mikutano na rais na wakubwa wengine, na orodha ya miradi ambayo CEFC ingeweza kuingia. Mei 2016, kabla ya kupanda ndege, asasi yake ilituma dola 500,000 kwenye akaunti ya Uganda, zikipitia benki ya New York, na maelezo ya malipo yalisema ni mchango. Zaidi ya hapo, Ho alimshauri mwenyekiti wake ampelekee Museveni dola nyingine 500,000, taslimu, kama mchango wa kampeni.

Mchango wa kampeni, miezi mitatu baada ya matokeo! Hata wale wapiga debe wetu wa stendi, ambao kazi yao ni kudai malipo, wanadai basi likiwa bado halijaondoka. Waendesha mashtaka hawakuhitaji kulieleza jambo hili kwa maneno mengi. Walionyesha tarehe ya uchaguzi, kisha tarehe ya ushauri ule. Baada ya safari, Ho aliomba kusaidiwa kununua benki ya Uganda kama hatua ya kwanza, na akaandika kwamba kampuni iko tayari kushirikiana na biashara za familia za viongozi hao.

Ho alikamatwa uwanja wa ndege wa New York Novemba 2017. Desemba 2018 baraza la wazee wa mahakama lilimtia hatiani kwa makosa saba, mengi yakiwa chini ya ile sheria ya Carter iliyozaliwa na bahasha za Gulf, na Machi 2019 akahukumiwa miaka mitatu na faini ya dola 400,000. Kutesa alikana kufanya kosa lolote. Hakushtakiwa katika kesi hiyo, na Rais Museveni pia hakushtakiwa. Haki inatudai tuliseme hilo waziwazi. Kutesa alibaki wizarani mpaka 2021.

Sasa, Uganda yenyewe ina sheria. Sheria ya vyama vya siasa ya mwaka 2005 inasema mtu asiye raia hawezi kukipa chama zaidi ya thamani ya shilingi milioni 400 kwa kipindi cha miezi kumi na miwili. Dola 500,000 za wakati ule zilizidi shilingi bilioni moja na nusu. Lakini sheria inazungumzia chama. Haizungumzii mfuko wa hisani wa waziri, na hapo ndipo mlango ulipo. Tanzania ilipata kuwa na mlango mpana zaidi: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ili kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa asili wa mgombea kwa wapiga kura. Asasi tatu za kiraia zilikwenda mahakamani, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja na masharti juu ya fedha za kutoka nje. Kenya ilitunga yake ya kugharamia kampeni mwaka 2013, na uchaguzi wa 2017 na wa 2022 ukapita sheria ikiwa kabatini. Tukirudi Uganda, mwaka 2017 ilijulikana kwamba maofisa 42 waligawana shilingi bilioni 6 kama pongezi za kushinda kesi ya kodi ya mafuta. Mchango, hisani, takrima, pongezi: lugha yetu haina umaskini wa maneno ya kupokelea.

Linalotuuma sisi wa Huanshi Zhonglu ni hilo neno mchango kutumiwa namna hiyo. Hapa tumeishi kwa michango. Mwenzetu akifariki na mwili unatakiwa kusafirishwa, daftari linapita duka hadi duka. Mwaka 2020, wakati wa korona, wenzetu walipotolewa kwenye vyumba vyao hapa Guangzhou wakalala nje, simu za michango zililia usiku kucha. Kila jina linaandikwa na kiasi chake, na siku ya siku mweka hazina anasoma yote kwa sauti, aliyetoa yuan 50 na aliyetoa 5,000. Aliyeahidi asitoe anasomwa pia. Anayetoa hapewi orodha ya miradi ya marehemu. Kwetu ule usomaji ndio mchango wenyewe. Bila huo tungesema mtu kampa mtu fedha. Ho alikuwa na barua, alikuwa na hati ya benki iliyoandikwa mchango, alikuwa na asasi yenye hadhi Umoja wa Mataifa. Hakukuwa na daftari lililosomwa mbele ya Waganda, na kama si fedha kupita New York wasingejua mpaka leo.

Tena kuna wanaolipa gharama yake. Bomba la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443, na uamuzi wa mwisho wa kuwekeza ulitangazwa Februari 2022. Familia zilizohamishwa kwenye njia yake zilisubiri fidia kwa miaka, zikiwa zimeambiwa zisipande mazao ya kudumu. Hatusemi CEFC ilihusika na bomba, haikufika huko. Ila mkulima wa Hoima alikuwa na shauri la kupeleka kwa serikali, na hakuwa na chumba katika hoteli ya wageni wa kuapishwa.

CEFC haikudumu. Ye Jianming alichukuliwa na vyombo vya dola hapa China mwanzoni mwa 2018 na hakuonekana tena hadharani, ununuzi wa Rosneft ukavunjika, na mwaka 2020 kampuni ikatangazwa kufilisika. Mwaka huo huo Ho alimaliza kifungo na kurudishwa Hong Kong.

Sheria iliyomfunga imepata misukosuko yake. Februari 10, 2025, Rais Trump alitia saini amri ya kusimamisha utekelezaji wake kwa siku 180, akisema inazibana kampuni za Kimarekani katika ushindani. Juni mwaka huo wizara ya sheria ikatoa mwongozo mpya: kesi zirudi, lakini kipaumbele kiwe kwa hongo zinazohusiana na magenge ya kihalifu na zile zinazozinyima kampuni za Marekani nafasi ya haki ya kushindana. Kwa hiyo kampuni ya mafuta kutoka Shanghai inayotuma mchango Kampala kupitia New York huenda bado ikanaswa. Ya kutoka Houston itabidi isubiri kwanza ijulikane ni nani aliyenyimwa nafasi.